Mpiga picha wa Mbinga anayesubiri mvua ioshe anga ya Koromeo

Saa moja na robo asubuhi, jua la Oktoba linapenya dirisha la studio ndogo nyuma ya soko la Mbinga na kuangukia sakafuni, ambako Tadea Kapinga amepiga magoti katikati ya picha arobaini. Anazipanga polepole. Hii anaiweka juu, ile chini, nyingine anaizungusha mpaka kingo zake zikutane na za jirani. Kila picha ni ya mlima, bonde au ufa wa ardhi. Hakuna hata moja yenye bwana harusi.

"Hapa ni saa mbili na nusu," anasema, akiigusa picha moja kwa ncha ya kidole. "Jua bado halijafika bondeni. Na hapa," anasogeza goti, "saa tatu kasoro dakika kumi. Limeingia. Ona linavyoingia, kama mtu aliyechelewa misa."

Anainamisha kichwa upande, kama vile mwanga ule unatoa sauti na yeye anausikiliza.

Tadea ana miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa Mbuji, binti wa wakulima wa kahawa, na kwa miaka kumi na saba amewapiga picha watu wa Mbinga: picha za pasipoti, komunyo ya kwanza, harusi, na maiti jeneza likiwa wazi. Lakini kwa zaidi ya mwaka sasa amekuwa akipanga safari ambayo hakuna mteja aliyeiagiza. Anataka kushuka kwa miguu kutoka kijiji cha Kingerikiti, apite ndani ya korongo kubwa ambalo wenyeji wanaliita Koromeo, atokee upande wa Tingi, na siku ya nne afike Mbamba Bay, miguu yake ndani ya maji ya ziwa.

Atabeba kamera moja, stendi ya miguu mitatu iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, unga, dagaa, na mkanda mmoja wa picha thelathini na sita.

"Mmoja unatosha," anasema. "Ukiwa na miwili unaanza kupiga ovyo. Ukiwa na mmoja unaiangalia nchi mpaka na yenyewe ikuangalie."

Nyuma yake limetundikwa pazia la studio, kitambaa kipana kilichochorwa jangwa la nchi fulani ya mbali. Ni makorongo mekundu, miamba iliyosimama kama minara, mchanga na anga ya bluu. Hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna mtu. Aliyekuwa mwenye studio, marehemu mzee Zaidi, mtu wa Kilwa, alilichorisha Dar es Salaam kutoka kwenye kalenda. Tangu hapo nusu ya ndoa za Mbinga zimefungwa kanisani na kuthibitishwa jangwani. Mzazi wa Kimatengo, aliyezaliwa kwenye milima ambayo ukisimama juu yake unaona ziwa mpaka Malawi, akitaka kukumbukwa na wajukuu anaambiwa asimame mbele ya mawe ya watu asiowajua.

"Kuna bibi harusi mmoja aliligeukia akalitazama weee," anakumbuka Tadea. "Akaniuliza, 'Dada, huko watu wanateka maji wapi?' Usiku nilikaa nikijiuliza, na sisi je? Makorongo tunayo. Yetu yana maji, yana watu. Mbona hayako ukutani?"

Hapo ndipo safari ilipozaliwa. Anataka picha moja ya Koromeo iliyo bora kuliko zote, akampe mchoraji wa mabango wa mjini amchoree pazia jipya.

Mlango unafunguliwa na kuingia Bi Mwanabibi, mjane wa mzee Zaidi, amebeba chupa ya chai na sahani ya vitumbua iliyofunikwa kwa kitambaa. Nyumba ni yake. Kamera ya kwanza ya Tadea ilikuwa ya mumewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ushayatandaza tena mawe yako?" Anaisogeza picha moja kwa kidole gumba cha mguu. "Watu wanakuja hapa kuchukua sura zao, huyu anachukua majabali. Jabali likilipa, mwanangu, uniite nione."

"Halilipi, mama. Ndiyo maana ni zuri."

"Alikuwa akisema hivyo hivyo marehemu. Akafa maskini." Anamimina chai. "Kula kwanza, jua lako litakungoja."

Tadea aliingia studio hii mwaka 1979 kufagia na kuosha sinia za dawa za picha. Mzee Zaidi hakumfundisha kwa kumketisha chini. Alimwacha gizani, ndani ya chumba cha kusafishia picha, akimwambia asimame tu aangalie sura zinavyotokea kwenye maji. "Nilikuwa naona mtu anakuja kutoka mahali ambapo hapakuwa na kitu," anasema. "Kwanza macho, halafu meno, halafu kola ya shati. Mpaka leo nikifumba macho naona nchi nzima inakuja hivyo."

Picha zilizotapakaa sakafuni zina historia yake. Zote ni za mwisho wa mkanda. Mpiga picha wa harusi akimaliza kazi hubakiwa na nafasi mbili tatu ambazo hazina mteja, na wengine huzimalizia kwa kupigana picha wao kwa wao. Tadea huzibeba. Lori linapomrudisha kutoka harusini humwomba dereva asimame ukingoni mwa barabara, anashuka, anapiga bonde, anapanda. Miaka kumi na moja ya nafasi mbili mbili ndizo hizo arobaini. Nyingine ziliungua kwa mwanga. Nyingine zilikuwa na moshi tu.

Na moshi ndio adui. Kuanzia Agosti watu wanachoma majani huku na ng'ambo ya ziwa, na kufika Oktoba milima inakuwa kama kitu kilichofutwa kwa kiganja. Ziwa halionekani. Inabidi mvua ya kwanza ianguke iuoshe ule moshi. Asubuhi inayofuata, anasema Tadea, mtu aliyesimama Kingerikiti anaweza kuhesabu mikunjo ya ardhi mpaka majini. Lakini mvua hizo zikiendelea, Koromeo linajaa na hakuna anayepita. Kati ya hewa safi na maji mengi kuna siku nne, ukibahatika tano. Mwaka mzima wa kuota unaingia ndani ya siku hizo.

Mwaka jana alizipata, akaziharibu mwenyewe.

Alifika Kingerikiti siku ya pili baada ya mvua. Hewa ilikuwa imetakata. Ukuta mmoja wa korongo ulikuwa umejaa ngoro, yale mashimo ya kilimo ya Wamatengo, ambayo hutengenezwa kwa kulaza majani katika miraba na kuyafunika kwa udongo, yakaoza na kulisha shamba. Kwa mbali mteremko mzima huonekana kama sega la nyuki lililosimamishwa wima. Jua lilikuwa linakaribia kuingia. Juu ya kingo za mashimo, wanawake sita walikuwa wanapanda mahindi, wakiongozwa na mama mmoja aitwaye Hildegardi Ndunguru, mwenye mteremko.

Na Tadea, aliyelelewa na pazia la jangwa tupu, aliwaita kutoka ng'ambo: "Mama, naomba msogee kidogo, nipate ardhi tupu."

Wakasogea. Mgeni akiomba kitu huku, anapewa. Waliacha mbegu zao wakaja kusimama nyuma yake, wakamwangalia akipiga picha ya mashamba yao yasiyo na mtu.

Januari alirudi na picha zimesafishwa Songea, rangi zake safi, akaziweka mezani nje ya kanisa baada ya misa. Alitegemea sifa. Watu walizizunguka. Mwenyekiti wa kijiji, Antoni Komba, aliinua moja akaitazama kwa muda mrefu.

"Dada," akasema, "humu sisi tuko wapi?"

Wiki tatu kabla, watu wawili walikuwa wamefika na gari, viatu vyao safi, wakiulizia ardhi isiyo na wenyewe kwa ajili ya shamba kubwa la kahawa. Na sasa huyu binti wa Mbuji alikuwa amewaletea ushahidi wa rangi, saizi ya postikadi, kwamba ardhi hiyo ipo na haina mtu.

Asije mtu wa mjini akasema hao walikuwa wajinga wanaoogopa kamera. Kingerikiti wana kumbukumbu. Wazee wao walihesabiwa vibanda na Wajerumani, na kila aliyehesabiwa alitozwa. Wao wenyewe mwaka 1974 waliambiwa waache nyumba zao wahamie kwenye mstari uliochorwa kwenye karatasi na mtu ambaye hakuwahi kuuona mlima. Wamekuja wataalamu wakapima ngoro kwa futi, wakasifu, wakaandika, wakaondoka na vitabu vyao. Ushirika uliowakusanya wakauze kahawa pamoja umeporomoka mbele ya macho yao, mbolea imepanda bei mara nne, na wanaambiwa huu ni uhuru wa soko. Milango imefunguliwa, ndiyo. Waliokuwa wamejipanga mlangoni si wao. Kila mara karatasi ilipokuja Kingerikiti ilikuja tupu kwanza, na mtu mwingine ndiye aliyeijaza.

Tadea aliwaachia picha zote, na vipande vya mkanda vilevile. Hakubishana. "Walikuwa na haki," anasema. "Mimi nilikuwa naona mwanga. Wao walikuwa wanaona shamba lao linaondoka."

Alirudi Mbinga akapiga harusi. Siku hizi wapiga picha wa kutembea ni kumi na mmoja mjini, kila kijana mwenye kamera ndogo kutoka dukani ni mshindani, na mkanda wa rangi ni shilingi 2,400. Mwezi mzuri, baada ya kahawa, hubakiwa na shilingi elfu thelathini. Mwezi mbaya Bi Mwanabibi hupitisha mlo kimya kimya kupitia mlango wa nyuma.

Lakini Koromeo halikumwacha. Agosti aliandika barua kwa mkono, kurasa mbili, akampa dereva wa lori. Aliomba radhi. Akaomba arudi mvua ikinyesha, safari hii kila mwenye shamba asimame juu ya ngoro yake saa tatu kasoro dakika kumi, mwanga ukiingia, ili picha imtaje. Bila ruhusa ya Kingerikiti hakuna njia ya kulishukia korongo, na bila korongo hakuna safari. Miezi miwili imepita bila jibu.

Leo, saa nne, jibu linaingia kwa miguu yake. Ni Antoni mwenyewe, mwenyekiti, amekuja mjini na gunia la kahawa, vumbi mpaka kwenye kope. Anasimama kizingitini akitafuta pa kukanyaga.

"Pita tu, mwenyekiti."

"Nipite wapi, dada, umetandika wilaya nzima hapa."

Tadea anakusanya picha, anampa kigoda. Bi Mwanabibi anammiminia chai bila kuulizwa. Antoni anakunywa nusu kikombe, na Tadea hamharakishi, ingawa ameshika picha mkononi na kona yake imeanza kukunjika.

"Barua ilisomwa mkutanoni," anasema Antoni. "Ilisomwa mara mbili, maana mara ya kwanza watu walikuwa wanacheka."

"Wanacheka nini?"

"Ulivyoandika dakika kumi. Kwamba jua lina dakika."

"Na zile picha za mwaka jana?"

"Zile?" Antoni anafuta mdomo. "Mama Hildegardi alizifukia. Machi, tulipofyeka majani, alizilaza ndani ya ngoro pamoja na ule mkanda wako, akafunika udongo. Alisema kitu kikishachukuliwa shambani kirudi shambani."

Bi Mwanabibi anaweka chupa chini. "Na shamba likasemaje?"

"Maharage yalitoka mazuri, Bi Mkubwa. Siwezi kusema uongo."

Tadea anacheka, na kicheko kinamshinda mpaka anafuta macho kwa upindo wa kanga. Kisha anauliza jambo lenyewe, kwa sauti ya chini. Ameruhusiwa?

"Umeruhusiwa kupita. Utapewa mtu wa kukuonyesha njia ya ndani. Kila nyumba ipate picha yake kabla haijaonekana Mbinga, na nyuma yake uandike jina la mwenye shamba na mpaka wake. Hilo watu wote wameafiki." Anageuza kikombe mkononi. "Ila Mama Hildegardi amekataa kusimama."

Tadea anaweka picha chini.

"Amekataa picha?"

"Amekataa kusimama. Anasema siku hizo unazozitaka wewe, baada ya mvua ya kwanza, ndizo za kupanda. Mwaka jana ulimsimamisha, mbegu zake zikaliwa na ndege. Hasimami tena kwa ajili ya mtu. Atakuwa kazini kwake tangu alfajiri, yeye na wenzake, na hatainua kichwa." Antoni anatazama chini ya kikombe chake. "Amesema nikwambie hivi: ukitaka aonekane, wewe ndiye usimame. Usimame palepale ng'ambo, unyamaze, mpaka jua lako limkute."

Nje mtu anapita na baiskeli inayokwaruza kwa kukosa grisi.

Tadea anachukua penseli na daftari lake la safari. Siku ya kwanza alikuwa amepanga nusu saa tu pale Kingerikiti, kwa vile kila kitu kingekuwa tayari kimesimama kikimsubiri. Anaifuta. Anahesabu kwa vidole, anaandika upya, kisha anamwonyesha Antoni. Siku mbili nzima ukingoni mwa Koromeo, na picha kumi na mbili kati ya thelathini na sita. Ziwa litapata zitakazobaki.

"Mwambie sitamwita," anasema. "Nitakuja mvua ikikatika, kabla hajafika shambani. Akifika atanikuta nimeshasimama."