Dawati la Nyuma, Mabawe

Siku yangu ya kwanza kazini, Biharamulo, Mkufunzi Mkuu alinikabidhi baiskeli, kalamu nyekundu na bunda la fomu. Nikaipokea kalamu kwa mikono miwili, maana niliona ndiyo yenye heshima. Akacheka.

"Hiyo utaishika jioni," alisema. "Kazi yako iko kwenye baiskeli."

Ninyi mnaosomea kwenye simu, niwaeleze. Wakati wa vijiji vya ujamaa shule zilikuwa nyingi na walimu hawakutosha. Tukawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, tukawaita walimu wanagenzi: asubuhi wanafundisha, mchana wanajifunza ualimu papo hapo kijijini. Walipelekewa vijitabu vya masomo, wakajibu maswali, wakaturudishia tusahihishe. Redio iliendeleza somo pale kijitabu kilipoishia. Na kila mwezi mkufunzi alipaswa kufika, ana kwa ana, akae dawati la nyuma kipindi kizima, magoti yakikaribia kidevu, ndipo ajaze Fomu ya Ufundishaji. Fomu hiyo ndiyo iliyoamua nani awe mwalimu na nani arudi kulima.

Nilianzia vijiji vya Nemba na Bisibo. Bisibo nilikuwa na kijana ambaye majibu yake niliwasomea wenzangu kwa fahari. Nilipokaa nyuma ya darasa lake nikamkuta anauhutubia ubao, watoto amewapa mgongo. Nilimshika mabega nikamgeuza, na baada ya miezi miwili alikuwa mwalimu hasa.

Kisha nikahamishiwa Ngara. Huko, Mabawe, alikuwapo mwanagenzi aitwaye Restituta, binti wa Kihangaza, mpole, niliyemwona siku ya kuandikishwa tu. Kabla sijaanza kumtembelea, vita vya Kagera vikazuka. Magari na petroli vikaenda vitani. Mimi petroli haikunihusu, mtu wa baiskeli, lakini nilijificha nyuma ya kisingizio hicho kama wengine. Mabawe ni mwendo wa kutoka asubuhi hadi adhuhuri, nusu ya njia unaisukuma baiskeli vilimani. Nikabaki ofisini nasahihisha.

Vijitabu vya Restituta vilinikera. Maswali ya kitabuni alijibu vizuri, ya redioni aliyaacha matupu. Nikaandika kwa wino mwekundu: "Husikilizi redio. Uvivu." Mwisho wa kila kijitabu palikuwa na nafasi ya swali kwa mkufunzi. Yeye aliandika swali moja tu, kijitabu baada ya kijitabu: "Mwalimu, utakuja lini?" Nikaona ananibembeleza apate alama. Sikumjibu.

Mwisho wa mwaka Afisa Elimu wa Wilaya alitaka fomu zote.

"Wengine sijawaona wakifundisha, mzee," nilisema.

"Karatasi zao si unazo? Jaza. Mkoa unasubiri."

Nikajaza. Kwa Restituta niliandika kwamba nimemwona akifundisha, na kwamba hafai. Nikatia sahihi.

Vita vilipokwisha nikaenda Mabawe. Barua ya kumwondoa ilikuwa imenitangulia. Mwalimu Mkuu alinifungulia kabati, akanionyesha redio ya shule. Mahali pa betri palikuwa na kiota cha nyigu.

"Betri zilitoweka madukani vita vilipoanza," alisema.

"Mbona hakuniandikia?"

"Angeandikaje, mkufunzi? Kuitunza redio ni kazi yangu. Kwa karatasi ingekuwa amenishtaki kwa wakubwa. Mambo kama hayo mgeni huambiwa akishakaa. Alisema atakuambia ukija."

Restituta alikuwa anapalilia maharage. Alifuta mikono, akapiga goti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu."

"Umefika. Nilidhani njia zimefungwa na wanajeshi."

Njia haikufungwa hata siku moja. Sikuweza kumwambia.

"Watoto wangu wa darasa la kwanza wote wanajua kusoma sasa," alisema. "Ungewaona."

Nilirudi Ngara nikamwomba Afisa Elimu aifute ile fomu. Aliivuta faili, akaweka kidole kwenye sahihi yangu.

"Hapa umeandika ulimwona akifundisha. Sasa unaniambia hukumwona?"

Kukiri kulikuwa kufukuzwa kazi. Nilikuwa na mke na watoto wanne.

"Nilimwona," nikasema.

Niliendelea na kazi miaka mingi, na kuanzia hapo sikukosa kufika shule hata moja, mvua au jua. Wengi wakanisifu kwa hilo. Nilistaafu na barua ya shukrani na mabati, na siku wanapiga makofi niliona haya kweli kweli. Restituta hakufundisha tena.

Mjukuu wangu sasa anasomea ualimu kwenye simu. Juzi nilimuuliza mkufunzi wao huja lini kuwaona. Akacheka, akasema babu, siku hizi haji mtu. Nikaingia ndani.

Kijitabu cha mwisho cha Restituta ninacho, sikumrudishia. Swali lake lipo palepale, na chini yake kuna mistari mitatu iliyopigwa kwa ajili ya jibu la mkufunzi. Bado ni mitupu.