Tulivyoipimia Satelaiti Joto Nyangwe

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu wa misheni, yaani mkuu wa kazi yetu ya vipimo, alinipa boya lenye kipimajoto, akanionyesha mto Lualaba, akasema tunakwenda kurekebisha satelaiti. Nilitazama juu, nikatazama maji, nikamwuliza kama hajakosea mtu. Shule niliiacha mapema, nikazurura toka Kabambare mpaka Kasongo. Nilizoea kutoelewa mambo, lakini si kiasi kile.

Akanieleza. Satelaiti ile ilibeba kihisi cha infraredi, yaani jicho linaloona joto badala ya mwanga. Jicho hilo huchakaa huko angani, na hakuna fundi wa kulifikia. Ndani yake mna kibao cheusi ambacho joto lake linajulikana, nalo hukitazama ili lijipime. Lakini kibao nacho huzeeka. Kwa hiyo anatakiwa shahidi hapa duniani: maji mapana, yaliyotulia, yapimwe wakati uleule satelaiti inapopita.

Lakini kabla ya mto nilitumwa kwanza Wamaza na Lusangi kupima joto la udongo, maana nao satelaiti huuona. Wachimbaji wa Lusangi walitucheka.

"Papa, hiyo mashini inaona dhahabu?"

"Inaona joto," nikajibu.

"Joto siye tuko nalo. Muirudishe."

Mwishowe nikawekwa Nyangwe, mahali ambapo mto unatulia nyuma ya kisiwa. Mpiga kasia wetu alikuwa Salumu, aliyenipita umri hata nikamwita yaya, yaani kaka, mtu wa mto tangu utoto. Huko vipimo vikatushinda. Kila satelaiti ilipopita, ilisema maji ni ya moto kuliko boya letu lilivyosema. Shefu akabadilisha kipimajoto, akabadilisha boya; wapi! Wakubwa wake wakamwonya kwamba mambo yakibaki hivyo, kituo kitahamishiwa ziwa la mbali. Mimi nilikuwa nimeoa Nyangwe. Kwa mara ya kwanza maishani sikutaka kuondoka mahali.

Asubuhi moja nilimwangalia Salumu akifanya kile alichofanya kila tulipofika: kuyapiga maji kwa kasia, huku na huku, kabla hatujashusha boya. Nikakumbuka kwamba satelaiti huona ngozi ya maji tu, ile inayochomwa na jua. Salumu alikuwa akiipasua ngozi hiyo, na maji baridi ya chini yakapanda pale penye boya letu tu.

"Yaya, acha kupiga mayi."

"Niache? Unaingia kwa watu bila hodi? Kiboko iko chini, mutoto wa mama!"

Shefu akaingilia. "Papa Salumu, piga hodi kule kando, halafu utuache tuelee mpaka hapa."

"Na kiboko asiposikia?"

"Ataanza na miye. Miye ndiye munene."

Salumu akacheka, akakubali. Tukafanya hivyo kila satelaiti ilipopita. Matokeo yalipokuja, tofauti ilikuwa imepungua, lakini haikuisha. Nikajua tumefukuzwa. Shefu alikuwa anaruka kwa furaha.

"Hii kidogo inayobaki, kila mara ileile, ni kosa la satelaiti yenyewe. Ndilo tulilokuwa tunatafuta!"

Kituo kikabaki, nami nikabaki nacho mpaka magoti yalipokataa mtumbwi. Siku niliyokwenda kumuaga Salumu, aliniuliza:

"Kule juu, walitengeneza?"

"Hapana, yaya. Hakuna aliyeigusa. Wanajua tu inazidisha kiasi gani, wanapunguza kwenye hesabu."

"Sawa na muke wangu. Nikimwambia narudi mchana, anapika jioni."

Nikarudi nyumbani, na hadi leo sijui kama satelaiti ile tuliirekebisha au tuliizoea tu.