Mashuka Niliyoanika Kilwa Kisiwani

Kwetu Nyangamara nguo huanikwa palipo na jua, basi. Nilipoolewa Kilwa Kisiwani, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, sikujua kwamba huko hata kuanika kuna adabu zake.

Shamba la kijiji lilikuwa ng'ambo, bara. Siku moja ya kazi ya pamoja mitumbwi iliondoka alfajiri na kila mwenye nguvu, wakabaki wazee, watoto, na mimi mke mgeni. Siku hiyo mkuu mmoja kutoka wilayani alikuwa anakuja kukagua. Yalisemwa maneno kwamba tusipolima kwa bidii tutahamishiwa bara sote, na mama mkwe alikuwa halali kwa wasiwasi. Mumewe kazikwa pale, naye hakutaka kumwacha peke yake.

Mimi nikataka nionekane mchapakazi. Nikafua mashuka yote meupe ya nyumba, nikaona mlingoti umesimama bure ufukweni, nikayatundika. Kumbe shuka jeupe pale ni habari ya msiba, na walio ng'ambo wakiliona huacha jembe.

Wakaacha. Mitumbwi yote ikarudi. Mkuu naye, alipokuta majembe hayana wenyewe, alipanda mtumbwi wa mwisho akawafuata. Mume wangu aliponikuta nakamua shuka la mwisho, alikaa mchangani. Nikajua narudishwa kwetu, tena kwa miguu. Niliogopa mno.

Mkuu akauliza kafa nani. Mama mkwe akajitokeza, akapokea shikamoo yake kwanza, akaitika marahaba taratibu, ndipo akasema.

"Hajafa mtu, baba. Mkwe wangu mgeni, kaanika nguo. Ila umewaona hawa. Hawakuuliza kwanza msiba wa nani, wamekuja. Ukitutawanya huko bara, watakuja hivi?"

Mkuu akacheka, akaomba maji ya kunywa. Akarudi nao shambani, wakalima mpaka alasiri. Hatukuhamishwa. Sijui kama ni kwa maneno yale, lakini mimi namshukuru mama yule kila nikiswali.

Jioni nilimwendea kuomba radhi. Alikuwa anakuna nazi, wala hakuacha.

"Radhi ya nini, mwanangu? Watu hufa hawajui nani atakuja kuwazika. Mimi nimewaona leo, nikiwa hai. Wamekuja wote."