Pipa la Magunzi

Asubuhi ya mwisho ya kawaida ya mzee mmoja na mkewe, mke alishindilia magunzi ya mahindi ndani ya pipa, akaliziba kwa udongo lisipate hewa, akawasha moto chini yake. Makaa yapatikanayo hivyo alizoea kuyasaga yawe laini kama wanja, akayapaka kwenye karatasi nyembamba ya shaba na kuundia betri za taa. Kila unga mpya aliusugua kwa vidole karibu na sikio, akisikiliza. Vipimo vyote vilikuwa kichwani mwake. Mikono ile haikutakata kwa sabuni yoyote; akimshika mumewe shavu humwachia alama, kisha hucheka kwa sauti yake nzito: "Bwana harusi huyo!" Betri zake zote zilikuwa zikizimika mapema, lakini safari hii alikuwa na hakika amepatia.

Adhuhuri alianguka, akalazwa hospitali. Alasiri mumewe alirudi kuchukua shuka, akaona pipa bado linafuka. Akidhani magunzi yanaungua bure, akalifunua. Hewa ikaingia, yakalipuka moto, yakaishia kuwa majivu mbele ya macho yake. Wodini, mara ya mwisho waliyozungumza, mkewe aliuliza, "Pipa hujalifunua, mzee wangu?"

"Bado."

"Afadhali. Likipoa nitalifunua mwenyewe."