Neno la Kumlaza Mbwa

Nilimfundisha mbwa wangu kwa sauti niliyoizoea. Miaka minne nililinda ghala la chumvi Kabatoro, na huko hata salamu ilitolewa kwa ukali. Basi kila asubuhi uani kwangu, hapa Bwera, ilikuwa simama, njoo, kaa. Sikio lake likivutwa, atulie. Sufuria ikianguka, asishtuke. Mbwa alichoka, mimi nikachoka zaidi.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya jirani yangu, mama aliyekimbia vita upande wa Beni, Kongo. Mshauri wa kituo cha afya alimwita kila wiki, naye hakwenda. Mama alisema ataingia mle ndani akiwa na mbwa huyu tu, maana akimshika mgongo ndipo maneno humtoka. Kituo nacho kikasema mbwa haingii bila cheti cha mafunzo, na mtihani wa cheti uko Kasese.

Siku moja nilimkaribisha aone tulipofikia. Nikafoka, "Lala chini!"

Mama alilala kabla ya mbwa. Kifudifudi vumbini, mikono kisogoni. Nilimwinua nikijichukia.

Nikaanza upya kwa ishara za mkono, bila neno. Mbwa akachanganyikiwa, nami nikamkasirikia, kisha nikaona aibu kumkasirikia mnyama asiye na kosa.

Huko Kasese, mtahini aliutazama mkono wangu ukishuka na mbwa akilala vizuri. "Sasa kwa sauti," akasema. Nikamweleza sababu. Alinisikiliza kwa upole, akanionyesha karatasi: maneno ni yale yale kwa mbwa wote, ili mhudumu yeyote aweze kumwongoza. Neno lile sikuweza kulitamka. Akasema turudi mwezi ujao.

Nilirudi kwa boda, mbwa mapajani, niko hoi kabisa. Nilimkuta mama akichambua maharage mlangoni kwake. Nikamwambia tumeanguka mtihani, na kwamba wanalitaka neno lile lile. Nikasema tuache tu, nimechoka.

Aliweka ungo chini.

"Bale batu ba bunduki ndio balikuwa banasema ile neno," akasema kwa Kiswahili cha kwao. "Mbwa hajanifanya kitu. Mulete apa."

Akasimama mbele ya mbwa, mikono imeshika kitenge kwa nguvu.  Akasema polepole, "Lala chini."

Mbwa akalala. Mama akabaki amesimama.