Siku Nilipofunga Maombi Mapema

Nimechoka na Zaburi ya Pili. Kila uchaguzi ukikaribia, mchungaji hunipa hiyo hiyo niifundishe kwenye ushirika wa Jumatano, ule tunaofanya nyumba kwa nyumba hapa Mau Narok. Mataifa yanafanya ghasia, wakubwa wa dunia wanapanga njama, naye Mungu anawacheka kutoka mbinguni na kumweka mfalme wake. Mimi ni mzee wa kanisa, mwanamke mwenye sauti kubwa, basi kazi ni yangu.

Uchaguzi mmoja wa nyuma, ushirika ulikuwa kwangu. Kwetu anayefundisha ndiye hufunga ushirika kwa maombi, na katika kuomba huyaleta maneno aliyofundisha karibu na mambo ya wiki hiyo. Siasa ilikuwa imenipanda kichwani. Nilipofika pale Zaburi inaposema mfalme atayavunja mataifa kwa fimbo ya chuma kama vyungu, nikamsihi Mungu awavunje watu wa kabila lile lingine. Nililitaja wazi. Jirani yangu, ambaye ni wa kabila hilo, alikuwa ameketi hapo hapo na kikombe cha chai. Alisema amina pamoja na wengine.

Siku tatu baadaye vijana walichoma stoo yake ya viazi. Hakukanyaga kanisani tena. Tuliendelea kusalimiana na hata kuazimana pampu ya kunyunyizia viazi dawa, lakini habari ya moto hatukuigusa.

Mwaka huu nilipopewa Zaburi ile tena, nilijisikia mzito. Nilijua sitaifundisha kabla sijaongea naye. Nilimkuta akichambua mbegu za viazi, nikakaa juu ya kreti.

"Dada, ile Zaburi niliisoma vibaya," nikamwambia. "Nilifikiria hayo mataifa ni nyinyi. Kumbe Kristo ni mfalme juu yangu pia, na mwenye kumpiga vita ni mimi. Nisamehe."

Aliendelea kuchambua. "Wewe nilikusamehe kitambo."

"Sasa mbona uliwacha kanisa?"

"Uliomba Mungu atuvunje, na stoo ikachomeka. Mimi nilijua amekujibu. Nikaona huyo mfalme hanitaki, sasa nimsumbue ya nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa, na niliona aibu iliyonishinda hata kumtazama. Miaka yote nilidhani anayemkwepa kanisani ni mimi.

Nikamwambia Zaburi haiishii kwenye vyungu. Mstari wa mwisho unawapa heri wote wanaomkimbilia mfalme huyo, wa kabila lolote, na siku ile sikuufikia kwa sababu hasira ilinifanya nifunge maombi mapema.

Akaacha viazi, akaniangalia.

"Miaka yote hiyo," akasema, "na ulikuwa unaujua."