Mstari wa Shingoni

Jalada lile bado ninalo. Nimeliweka ndani ya bahasha ya kaki, kwenye sanduku la nguo zangu za Ijumaa, na huwa nalitoa mara moja kwa mwaka, katika Ramadhani, nikalitazama kisha nikalirudisha. Mungu amenipa umri mrefu kuliko wengi niliosoma nao, na ninamshukuru. Katika umri wote huo sijapata kuchora kitu kizuri kuliko jalada lile, wala sijapata kufanya jambo baya kuliko hilo.

Ujanani kazi yangu ilikuwa kuandika mabango ya maduka hapa Bagamoyo. Mkono wangu ulipenda zaidi kuchora watu, na hilo mwalimu wangu wa chuo, aliyenisomesha Kurani mpaka nikahitimu, hakulipenda.

"Kesho kiyama," aliniambia, "utaamriwa uvipulizie roho hivyo ulivyovichora. Utaweza?"

"Sitaweza, mwalimu."

"Basi."

Alipoona mkono wangu hausikii, alinionyesha njia ambayo watoto wa chuo sote tuliijua. Ukichora mtu, mpitishie mstari shingoni. Aliyekatwa koo hana roho, na asiye na roho hatadaiwa roho. Hata vitabu vya shule ya serikali tulivifanyia hivyo: kila baba, kila mama, kila mkulima na jembe lake, wote tuliwakata shingo kwa penseli. Walimu wa shule walituchapa kwa kuharibu vitabu, nasi tukarudi chuoni makalio yanawaka na nyoyo zimejaa thawabu.

Miaka ya mwanzo ya sabini, Dar es Salaam kulikuwa na mhariri mmoja aliyetoa vijitabu vya hadithi za picha. Ofisi yake ilikuwa nyuma ya mtambo wa chapa, chumba kilichonuka wino na mafuta ya taa. Nilimpelekea michoro yangu, akanipa hadithi ya bibi kizee anayekula watoto wa mtaani kwake, niichoree jalada. Jina alikwisha kulichagua: MLA WATOTO.

Mhariri yule hakuutazama mchoro mezani. Aliubana kwa vibanio vya nguo kwenye kamba mwisho wa ujia, akarudi hatua kumi, akafinya macho. Vijitabu vyake vilining'inizwa hivyo hivyo madukani, na alisema mpita njia hana macho mazuri kuliko hayo.

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa na kila kitu: nyumba, kisima, mwezi, bibi, watoto watano, mama zao wakilia, na polisi.

"Kijana, hili ni jalada au karamu ya maulidi? Umemwalika kila mtu."

"Nilitaka msomaji aione hadithi yote, mzee."

"Akishaiona yote barabarani, atanunua nini? Weka mmoja. Mkubwa, aujaze ukurasa mpaka akose pa kupumulia. Na jina liachie nafasi yake tangu mwanzo, usilisukumize juu kama abiria aliyechelewa. Jina na uso viwe kitu kimoja."

Wiki iliyofuata nilimpelekea mmoja. Nilimtia pembe, nikamtia meno ya ngiri na kucha ndefu. Mhariri hakumaliza hata hatua kumi.

"Nani huyu?"

"Mchawi."

"Mchawi gani? Huyu hana hata jirani! Mtu haogopi pembe, bwana. Anamwogopa bibi wa nyumba ya tatu. Nenda kaniletee uso wenye jirani."

Nilipanda basi kurudi, na njia nzima nilikuwa nawatazama vikongwe. Pale Kerege walipanda wawili na vikapu vyao, nikawapima nyuso kama mtu apimaye mbuzi wa kuchinja. Hawakunifaa. Nikafika nyumbani, nikabisha hodi, na aliyenifungulia alikuwa shangazi yangu.

Shangazi ndiye aliyenilea. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minne, na tangu siku hiyo nililala kitanda kimoja naye mpaka nilipoanza kuona haya. Aliuza vitumbua barazani kwetu, mtaa wa Dunda, kila asubuhi. Utotoni alipigwa na ndui, ikamwacha na mashimo usoni na jicho moja jeupe kabisa. Uso ule ndio uliokuwa ukiniinamia nilipougua homa. Siku ile, mlangoni, niliutazama kwa macho ya mhariri. Niliona kwamba nimeupata.

Nilipomwambia nataka kumchora kwa ajili ya kitabu, alifurahi kama mwari. Alivaa kanga ambayo ilikuwa haijatiwa maji bado. Alipaka wanja macho yote mawili, hata lile lisiloona.

"Nikae hivi, baba?"

"Hivyo hivyo. Shika upawa. Geuka huku kidogo."

"Nicheke?"

"Usicheke, shangazi."

"Kitabu chenyewe cha nini?"

"Cha hadithi. Hadithi ya bibi mmoja."

"Bibi mwema?"

Wakati huo nilikuwa nachora jicho. "Mwema," nikasema, wala sikuinua kichwa.

Nilikaa na mchoro ule siku nne. Uso niliujaza ukurasa, nikaumwagia wino mweusi kote isipokuwa jicho lile, nikaliacha karatasi tupu, ili mtu akiwa ng'ambo ya barabara aone kwanza jicho. Kutoka jichoni, mashavu yalikuteremsha mpaka kwenye mkono, na upawa ulioshikwa na mkono ukakupeleka kwenye jina. Herufi za jina nilizipinda kama vidole vyake, kwa sababu vidole vya shangazi vilikuwa vimepinda kwa kazi. Kila kitu kilimsikiliza mwenzake. Mwisho nikatia udhu, na kwa ncha ya kalamu nikampitishia mstari shingoni, mwembamba kama unywele. Dhamiri yangu ikatulia kabisa, nikaenda kuswali.

Mhariri aliubana mchoro kwenye kamba, akarudi hatua kumi, akafinya macho. Kisha akausogelea.

"Na huu uzi?"

Nikamweleza habari za mstari. Alicheka mpaka akakohoa, akashika ukuta. Halafu kicheko kikamkatika ghafla.

"Utie rangi nyekundu."

"Mzee, huo ni mstari wa dini."

"Ndiyo nakuambia. Tuna rangi mbili tu. Nyeusi imekwisha kufanya kazi yake. Nyekundu iweke hapo na kwenye jina, basi. Ukiigusisha popote pengine umeiua."

Ningeweza kukataa. Lakini nilirudi hatua kumi, nikafinya macho kama yeye, na nikaona kwamba ni kweli. Nikautia rangi nyekundu kwa mkono wangu mwenyewe.

Kitabu kilipofika Bagamoyo kilitundikwa kwenye duka moja karibu na soko, na kabla ya adhuhuri mji mzima ulikuwa umekwisha kumtambua. Shangazi alirudi nyumbani nacho mkononi, anatweta kwa furaha.

"Nimejiona! Nimejiona dukani, watu wamejaa wananitazama! Na marijani umenivisha! Tangu afariki mume wangu hajatokea wa kunivisha kitu shingoni."

Mstari ule mwekundu aliudhani ni ushanga wa marijani.

"Hapa pameandikwa nini, mwanangu?"

Shangazi alikuwa akiusoma msahafu tangu Alhamdu hadi mwisho, lakini herufi za kizungu hakuzijua, kama wanawake wengi wa umri wake mjini kwetu. Nilizitazama herufi zangu nilizozipinda kwa ufundi.

"Mama wa Watoto," nikasema.

Alichemsha unga, akaubandika ukurasa ule kwa gundi ya uji kwenye ukuta wa baraza, juu ya jiko lake. Ukakaa hapo, jicho juu ya jicho, upawa juu ya upawa. Yeye mwenyewe akauonyesha kwa kila aliyepita.

Wachukuzi wa sokoni walifanya mchezo wa kupita pale asubuhi.

"Shikamoo, bibi. Nyama ya leo laini?"

"Marahaba. Nyama sina, wanangu, nina vitumbua."

"Ah, bibi, usitunyime! Hata kidole kimoja?"

Wakaondoka wameshikana mabega kwa kucheka, naye akacheka nao, kwa kuwa alipenda vijana wenye bashasha. Lakini akina mama waliacha kuwatuma watoto wao kwake. Sinia ikawa inarudi ndani imejaa nusu, kisha imejaa yote. "Mchele wa siku hizi," alisema, "hauumuki vizuri." Jioni tulikula vitumbua vilivyododa, mimi na yeye. Nilivila vyote alivyonipa.

Mama mmoja wa mtaa wa pili alizika mtoto wa surua. Siku chache baada ya hitima alipita mbele ya baraza letu, akatema mate karibu na jiko. "Maskini, msiba umemchanganya," shangazi akasema. Akapanga vitumbua kwenye sahani yake ya maua, akanituma nimpelekee. Yule mama aliichukua sahani mikononi mwangu, akaivurumisha mtaroni, ikavunjika.

"Mwambie amshibe kwanza huyo aliyekwisha kumla."

Nilirudi nyumbani. Shangazi akauliza, "Amesemaje?"

"Ameshukuru. Sahani ataileta mwenyewe."

Ndipo lilipokuja darasa la ngumbaru, kama watu walivyoliita, la kuwafundisha watu wazima kusoma. Kila mwenye elimu alitakiwa amfundishe asiyekuwa nayo, nami nikapewa darasa la mtaa wetu, kila alasiri, kwenye shule ya msingi. Shangazi alikuwa wa kwanza kutaka kujiandikisha.

"Macho yako, shangazi. Ubao utakuumiza."

"Jicho moja linatosha. Nataka nikisome kitabu changu."

Nilimweka nyuma kabisa. Akasogea mbele. Nilifundisha polepole, silabi mbili kwa wiki, nikisingizia wanafunzi wazito. Darasa langu lilikuwa na desturi niliyoianzisha mwenyewe: mtu akisoma neno zima, wenzake wote wanampigia makofi matatu. Watu wazima wanaona aibu kuliko watoto, na makofi yaliwaondolea aibu.

Alasiri moja shangazi alikuja ameukunja ukurasa ndani ya kanga. Alikuwa ameubandua ukutani kwa kisu, pembe moja imechanika. Akasimama bila kuitwa.

"Mwalimu," aliniita hivyo darasani, kwa heshima, "leo nasoma changu."

"Bado, shangazi. Tusome kwanza ubaoni."

"Mwache bibi asome!" akasema mchukuzi mmoja aliyekaa dirishani, na wenzake wakainamisha vichwa kuficha vicheko.

Akaweka kidole kilichopinda juu ya herufi zilizopindwa mfano wake.

"M. La. Mla." Akanitazama, anangoja nimsahihishe. "Wa. To. To. Watoto."

Akarudia yote kwa mkupuo, kwa sauti nzuri ile aliyosomea Kurani.

"Mla watoto."

Kisha, kwa mazoea tu, mtu mmoja akapiga kofi, na mikono mingine ikafuata, yote kwa pamoja, pa, pa, pa, kama nilivyowafundisha.

Shangazi aliukunja ukurasa mara nne, akaketi. Hakutoka. Alikaa mpaka mwisho wa somo, na nilipoandika silabi mpya ubaoni alizinakili kwenye daftari lake kama kila mtu.

Nyumbani aliutandika ukurasa juu ya mkeka baina yetu.

"Na hii marijani?"

Siku ile nilishindwa kusema uongo tena. Nikamweleza kwamba ni koo lililokatwa, ili nisije nikadaiwa roho mbele ya Mungu.

Alipitisha kidole juu ya mstari.

"Kumbe Mungu ulimwogopa," akasema. "Mimi ndiye hukuniogopa."

Kesho yake asubuhi alikoroga vitumbua, akakaa barazani kama kawaida, na wachukuzi walipomuuliza nyama hakuwajibu. Aliuza alichouza. Aliendelea hivyo miaka mingi, na nilikaa naye miaka yote hiyo, nikimtekea maji na kumsagia unga, nikisubiri aniseme. Hakunisema hata siku moja. Sikumchora tena mtu, na mhariri aliponiandikia barua kuulizia jalada jingine sikumjibu.

Alipolala ugonjwa wake wa mwisho nilipiga magoti kitandani pake, nikamwomba radhi. Kwetu mtu haachwi aondoke bila kuombwa radhi. Alikuwa amekwisha kuwa mwepesi kama mtoto, lakini akili zake zilikuwa timamu.

"Radhi ya shangazi yako unayo, baba," akasema. "Ya yule wa kwenye karatasi, kamwombe mwenyewe."

Alifariki siku ya tatu. Tangu hapo, kila Ramadhani, baada ya kufuturu, naufungua ukurasa ule na kuomba. Jicho linanitazama kama nilivyolipanga linitazame, kutoka popote chumbani. Namwomba kwa upole, kisha nangoja. Lakini nilimkata koo kwa mkono wangu, hana pa kunijibia.